Tumbo la Kolekteri

Katika ukoo wetu chombo hakitobolewi. Baba yangu alikuwa fundi wa kuyeyusha alumini na kusubu sufuria hapa Kamembe, na babu kabla yake, na wote walishika sheria hiyo moja. Sufuria ikitoka mchangani na kitundu, hata kama ni cha kupitisha sindano tu, baba aliipiga nyundo mbele ya wateja na kuirudisha motoni. Hakuziba wala hakutia kiraka. Alisema fundi akitoboa chombo chake mwenyewe, au akikiziba, anatangaza sokoni kwamba mkono wake ni mbovu. Nilikulia katika maneno hayo, nikayaamini kuliko nilivyoamini mambo mengi ya maana zaidi. Nasema mapema nisije nikajipamba huko mbele: kosa ninalotaka kulieleza lilikuwa langu, na nililijua siku nyingi kabla halijaumiza mtu.

Siku hizi sufuria za kiwandani zimejaa kila duka, kwa hiyo nami nilihamia kwenye vyuma vya magari. Mfuniko wa injini ukipasuka, sikio la gia boksi likivunjika, kipuri kikikosekana mpaka ng'ambo Bukavu, watu wanaelekezwa kwangu. "Enda kwa ule Mzee wa hasira, nyuma ya musikiti," ndivyo wanavyoambiana, na sijawahi kukana. Hasira ninayo. Tena iliniletea wateja, maana watu hudhani fundi mkali ni fundi mzuri.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, alikuwa na pikapu kuukuu ya milango minne. Alishuka nayo bonde la Bugarama na chumvi, sabuni na sukari, akapanda na magunia ya mchele. Alikuwa dereva mpole, mtu wa kufunga mkanda hata akisogeza gari uani. Injini yake ilipokufa alipata nyingine ya dizeli, yenye turbo, iliyotolewa kwenye gari la aina nyingine. Iliingia mahali pake, lakini boneti ikakataa kufunga. Kilichozuia ni kolekteri, yaani kile chombo kinachopokea hewa inayosukumwa na turbo na kuigawa kwa silinda zote nne. Kilikuwa kimesimama juu ya injini kama nundu ya ng'ombe.

"Shemeji, weye njo unaweza," akaniambia. "Unitengenezee ingine, yenye haiko na kichwa juu."

"Nitakutengenezea yenye hata bazungu batakuja kuipima," nikamjibu, na madereva waliokaa kwenye benchi langu wakacheka. Benchi hilo liko mbele ya karakana, chini ya bati, na halikosi watu. Kila nilichosema au kufanya pale kilifika mjini kabla yangu.

Nilifanya kazi hiyo wiki mbili, na sitadanganya, zilikuwa wiki tamu. Nilichonga kielelezo kwa mti wa gravilea. Juu hapakuwa na nafasi, kwa hiyo nafasi niliitafuta chini. Mkono wangu haujui umbo jingine: nikakipa chombo tumbo. Tumbo la mviringo lililoshuka, na ile milango minne ya kupeleka hewa kwenye silinda ikiwa pembeni, juu ya tumbo, kama mdomo wa sufuria unavyokuwa juu ya chakula. Kwa ndani nilitumia mchanga uliochanganywa na molasi na kuokwa ukakauka, ili uache uwazi. Nikayeyusha pistoni za zamani, nikamimina. Ule uso unaokutana na injini niliusugua juu ya kioo kilichopakwa masizi, nikiondoa kila palipotoka na weusi, mpaka weusi ukaenea sawasawa. Kazi ya kusugua peke yake ilinila siku tatu.

Siku ya kukijaribu niliziba matundu yote kwa mpira wa tairi, nikakizamisha kwenye beseni, nikakijaza hewa kwa pampu ya baiskeli. Benchi zima lilisimama kuangalia. Halikutoka povu hata moja. Wakapiga makofi, na mimi nikajifanya sikusikia.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa fundi wa malori ya saruji huko Muganza mpaka alipostaafu, ambaye asubuhi nyingi alikuja kunywa chai kwangu. Yeye hakupiga makofi. Alikichukua kile chombo, akang'oa mpira, akaingiza kidole kwenye mlango wa kwanza, akakishusha taratibu mpaka kikagusa chini.

"Papa," akaniambia, "hii tumbo iko chini ya milango. Turbo yenye imezeeka inatoshaka mafuta ya moteri kidogo kidogo. Ile mafuta italala mule ndani."

"Ilale tu. Mwenye kulala haumize muntu."

"Siku moja itaamuka. Utoboe katundu apa chini, utie buloni ya kukaziba. Kila wiki unafungua, unamwanga."

Benchi lilinigeukia. Nilijua kwamba alichosema kina maana. Hilo sikulijua baadaye, nakumbuka vizuri nililijua palepale. Lakini alikuwa amenishika chombo changu mbele ya watu, kikiwa bado kinadondosha maji ya ushindi, akaniambia nikitoboe.

"Mzee," nikamwambia, "weye ulizeeka ukifunga buloni za bengine. Miye nilizaliwa ndani ya sufuria."

Walicheka sana. Naye alicheka, akamaliza chai yake, akarudisha kikombe kwa mke wangu kwa mikono miwili kama alivyofanya siku zote, akaaga. Hakurudi kukaa kwenye benchi langu tena.

Gari lilitembea vizuri kuliko tulivyotarajia. Shemeji alipanda milima na magunia kama amebeba majani. Madereva wengine walisimama kuangalia, na mimi nilifungua boneti mwenyewe na kuwaonyesha, nikigonga tumbo la kolekteri kwa kucha ili wasikie linavyolia. Kama wiki tatu zikapita hivyo. Kisha shemeji akalileta nikaze buloni, kama nilivyomwambia, akaenda dukani kununua vocha ya simu.

Nilifungua bomba la hewa kwa udadisi tu. Nikaingiza vidole viwili. Vilitoka vyeusi mpaka kiungo cha pili.

Injini ya petroli ukiikatia umeme inakufa. Dizeli haihitaji cheche. Inachoma mafuta yoyote yatakayoingia pamoja na hewa, hata yale mazito ya kulainisha vyuma. Ukizungusha ufunguo kuizima unaikatia dizeli ya tangi peke yake. Kama inapata chakula kingine kwa mlango wa hewa itaendelea, tena kwa mbio zisizo na mpaka, mpaka imalize ilichokula au ivunjike. Na barabara ya kushuka Muganza, huko bondeni, inainamisha pua ya gari kwa muda mrefu. Mchuzi kwenye sufuria iliyoinamishwa unajua pa kwenda. Kilichokuwa kinalala ndani ya kile chombo kingeweza kumuua mume wa dada yangu, na mimi ndiye niliyekitandikia kitanda.

Mashine ya kutobolea ilikuwa ukutani, mkono ukinyooshwa inafikiwa. Kufungua kolekteri, kutoboa, kukata meno ya buloni, kurudisha: kazi ya saa moja. Nje benchi lilikuwa limejaa. Nikasikia mmoja wao akimsimulia mgeni habari ya beseni na povu. Nikachukua kitambaa cha pamba, nikapangusa tumbo lote kwa ndani mpaka likang'aa, nikafunga bomba.

"Iko sawa?" shemeji akauliza aliporudi.

"Iko sawa kabisa," nikasema. "Lakini upitie kila Ijumaa mbele ya sala, niisikilize turbo."

Basi nikawa mwizi wa mafuta kwenye chombo changu mwenyewe. Kila Ijumaa alipofika nilimtuma ndani anywe chai kwa mke wangu, nikafungua bomba, nikapangusa, nikafunga. Mara ya kwanza ilikuwa kama nusu kikombe. Kisha ikazidi, maana turbo nayo ilikuwa inazeeka. Vitambaa nilivichoma tanuruni. Shemeji alikuwa anawaambia watu, "Shemeji yangu ananipenda sana, kila wiki anaangalia gari yangu." Alinisifu hivyo mbele yangu, na mimi nilimkaripia kwa kitu kingine, tairi au taa, ili nisiendelee kusikia.

Nilianza kuisikia ile injini kutoka mbali kuliko masikio yangu yanavyofika. Mtu yeyote akiingia uani mbio niliinuka kabla hajafungua mdomo. Mke wangu aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni joto la tanuru, na yeye, aliyeishi na tanuru hilo tangu tuoane, aliniangalia tu. Nilijiapia kila Ijumaa kwamba Ijumaa ijayo nitatoboa. Ningesema nimebuni jambo jipya, ningetafuta namna ya kulisema. Husemwa kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma; wangu niliupanda juu ya barabara ambayo si mimi niliyekuwa napita.

Wakati wa mavuno ya mpunga ulipofika, shemeji hakuja Ijumaa moja. Nikampigia simu.

"Muchele ni mingi, shemeji," akasema. Nilisikia magunia yakitupwa nyuma yake. "Bantu ba bonde bote banavuna. Nashuka mara mbili kwa siku. Nitapitia Ijumaa ingine."

Ijumaa nyingine nayo ikapita. Nikapiga tena.

"Pitia hata dakika tano," nikamwambia.

"Kuko shida?"

Aliuliza hivyo, kwa sauti ya mtu aliye tayari kusikia. Kama kungekuwa na shida angesimamisha gari palepale na kurudi kwa miguu, ndivyo alivyo. Nilikuwa nimesimama karibu na beseni, na watu watatu kwenye benchi walikuwa wamenigeuzia nyuso.

"Hakuna shida," nikasema. "Nilitaka kuisikiliza tu."

Ilikuwa Jumanne, saa saba mchana. Dereva mmoja anayetufahamu ndiye aliyenipigia simu kutoka njiani. Sikumwacha amalize salamu.

"Ni muzima?"

"Shemeji yako ni muzima. Kuko mzee moja, mulimaji. Muguu."

Shemeji mwenyewe alinisimulia siku ile ile jioni, amekaa kwenye benchi langu, mikono kati ya magoti, watu wamemzunguka. "Nilikuwa nashuka pole pole," alisema. "Moteri ikaanza kulia yenyewe. Nikatosha muguu juu ya mafuta, nikauinua. Ikalia zaidi. Nikafunga kontakti, ufunguo ulifika mwisho, taa zikazima. Moteri haikuzima. Moshi ikajaa nyuma, ukageuka hauone kitu. Nikakanyaga frein mpaka ikanuka. Nikasema bora nipige mulima kuliko kuruka bonde." Aligonga ukingo wa mlima, na gari lilipogeuka mkia ulimbana mkulima mzee aliyekuwa anatoka kwenye kijia na jembe lake. Mguu ulivunjika mahali pawili. Injini iliendelea kunguruma ikiwa imeegemea udongo, peke yake, hakuna mtu ndani, mpaka ikakwama na kunyamaza.

Hakuna aliyemwamini. Walimwonea huruma, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. "Alikanyaga mafuta akafikiri ni frein," wakaambiana alipoondoka. "Inafikaka. Hata kwa dereva muzuri inafikaka." Wakageuka kwangu, fundi, niwathibitishie. Nikasema nitaliangalia gari.

Walilileta uani kwangu likivutwa, kwa kuwa mimi ndiye fundi wa familia. Nilisubiri benchi liwe tupu. Nilifungua kolekteri nikaigeuza kwenye mwanga. Chini ya tumbo yalikuwa yamebaki mafuta kidogo, na ule mlango wa kwanza, wa mbele, ulikuwa umepakwa weusi mbichi kuanzia kizingiti mpaka ndani. Njia nzima ilionekana, kama njia ya konokono. Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na guu lililovunjika likawa la mtu ambaye hatujawahi kusalimiana.

Nikawasha tanuru. Sijawahi kuyeyusha kitu kwa haraka namna ile. Nilikipiga nyundo vipande vinne, nikavitia pamoja na pistoni na sufuria mbovu, nikakoroga mpaka hata mimi nisingeweza kusema kipi kilikuwa kipi. Baba yangu alivunja chombo kibovu mbele ya wateja. Mimi nilivunja changu mlango ukiwa umefungwa, nikajiambia ni sheria ileile.

Siku chache baadaye shemeji alikuja, safari hii asubuhi na mapema, peke yake.

"Shemeji, weye unajua moteri," akasema. "Nimefikiri sana. Inaweza kutembea yenyewe, kontakti imefungwa?"

Nilikuwa napiga tupa kifuniko cha mtu. Sikuinua kichwa.

"Sijawahi kuona."

Ni kweli, kwa macho yangu sikuwahi kuona. Niliichagua sentensi hiyo kwa uangalifu, ndiyo maana naikumbuka.

"Na ile kolekteri? Niangalie mule ndani."

"Ilipasuka. Nimeiyeyusha."

Akatikisa kichwa, bila hasira. Akaangalia chini kwenye kiatu chake cha kulia. "Basi muguu wangu njo ulikosa," akasema, akaniaga, akaniambia nisalimie watoto.

Baada ya hapo nilimwona mara nyingi amekaa kwenye ukuta wa nyumba yake, mguu wa kulia ukiwa hewani. Anaupeleka kulia, anaushusha. Anaupeleka kushoto, anaushusha. Mafuta, breki. Mafuta, breki. Midomo inatembea. Alipomwona mtu aliacha. Hakugusa usukani tena, hata wa gari lililosimama. Akawa anasukuma mkokoteni wa mizigo pale sokoni, mtu aliyekuwa na gari. Dada yangu alikataa watoto kuvushwa barabara na baba yao. Alilisema hilo mbele yangu, akilia, kwamba hawezi tena kuuamini mwili wa mume wake. Mimi nilikunywa chai yake nikaaga. Nikisema nilikuwa mnyama nitajionea huruma, na sitaki. Nilikuwa mtu aliyeogopa benchi.

Miezi minne baadaye yule mkulima alitoka hospitali kwa magongo, na familia mbili zikakubaliana kukutana kwake, upande wa Nyakabuye, ili jambo liishe kwa maneno mema. Kwetu mkosaji hasemi kwanza. Anasemewa na mkubwa wa upande wa mke, kwa sababu yule aliyempa binti ndiye anayejua alimpa mtu wa namna gani. Mkubwa huyo ni mimi. Nilitakiwa nisimame niseme: kijana wetu alikosea, alikanyaga pasipopaswa kukanyagwa, tunaomba msamaha. Kisha yeye angeinuka na kukubali kwa kinywa chake, mbele ya watu wote, na hapo lingekuwa kweli milele.

Tulikaribishwa uani. Wenyeji walikuwa na pombe yao ya ndizi, sisi tukaletewa soda. Mkulima alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, mguu umewekwa juu ya kigoda, umekonda kuliko mwenzake. Alikuwa na uso wa mtu asiyependa kusumbua. Dada yangu alikaa na wanawake kwenye mkeka. Shemeji alikuwa amevua viatu mlangoni, na alipokaa aliuficha mguu wa kulia chini ya wa kushoto, kama mtoto aliyejikojolea anavyoficha nguo. Nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa nimeshasema bismillahi.

"Hakukanyaga," nikasema.

Watu walidhani nimekosea maneno. Nikasema tena. Nikaeleza yote, chombo na tumbo lake, mzee wa malori, vidole vyangu viwili, vitambaa, simu mbili, tanuru. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na kusahihisha. Nilipofika kwenye "sijawahi kuona" nilimwangalia shemeji, na yeye alikuwa ameutoa mguu wake nje na kuuweka mbele yake ardhini.

Mkulima ndiye aliyesema kwanza.

"Ile mafuta ilikuwa mingapi?"

"Siku ile? Labda vikombe viwili vya chai."

Akauangalia mguu wake juu ya kigoda. "Vikombe viwili," akasema. Mtoto wake wa kiume aliinuka kunijia, na mzee akamzuia kwa gongo, bila kumwangalia. Alisema mkutano umebadilika, na kwamba sasa anayepaswa kusemewa ni mimi, na mimi sina wa kunisemea, basi nitarudi siku nyingine na mtu. Nilikubali.

Shemeji alitoka akaenda nyuma ya nyumba. Tulimsikia huko, na sikujua kama analia au anacheka. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwangu, nikajitayarisha kupigwa, ningefurahi kupigwa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, shemeji," akasema. "Asante sana."

Alinishukuru. Sijui nifanye nini na shukrani hiyo mpaka leo.

Tulikwenda barabarani kungoja gari la kurudi Kamembe. Shemeji alisimama mbele kidogo, anaangalia magari yanavyoshuka. Dada yangu alikuwa hajanisemesha. Alikaa juu ya jiwe, akaweka mkoba mapajani, akaufungua, akaufunga.

"Kaka," akasema, "ile siku ya kwanza yenye uliingiza vidole. Ilikuwa mbele ya Idi ao nyuma ya Idi?"

Nilielewa anakokwenda kabla hajafika, na sikuwa na pa kukimbilia.

"Mbele."

"Siku ya Idi tulishuka Muganza kwa mama mukwe. Miye na batoto bane. Katoto kadogo nilikuwa nakapakata mbele. Tulipita kwako kukupa mukono wa Idi, ukatoka mpaka kwenye gari."

"Ndiyo."

"Ule mulango wa upande yangu ulikuwa unakataa kufunga. Nani aliufunga?"

Niliukumbuka vizuri. Niliusukuma kwa kiganja mara mbili, nikajaribu kama umeshika, nikamwambia mtoto aketi vizuri, na nikagonga paa waondoke.

"Miye," nikasema.